Tununue rimoti gani kwa klabu ya shule inayoanza kurusha ndege ndogo?

MwalimuNjoro ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Ninafundisha Fizikia katika shule ya upili ya kutwa iliyo nje kidogo ya mji wa Njoro, Kaunti ya Nakuru. Muhula huu wanafunzi wa klabu ya sayansi wameunda ndege mbili za stairofomu zenye mabawa ya urefu wa takribani mita moja, na kila moja itaendeshwa na mota ya umeme iliyo puani. Mota, servo (vimota vidogo vinavyosogeza usukani na mabapa ya ndege) na betri tumekwisha kuzipata. Kilichobaki ni rimoti. Mwalimu mkuu ameidhinisha shilingi elfu ishirini, nazo zinapaswa kutosha rimoti pamoja na risiva, yaani kipokezi cha mawimbi kinachokaa ndani ya ndege, kwa hivyo siwezi kununua kitu leo nikitarajia kukibadilisha mwakani.

Kila muuzaji niliyezungumza naye ameanza kwa kunihesabia chaneli (idadi ya vitu ambavyo rimoti inaweza kuviongoza), sita, nane, kumi na sita, kana kwamba wingi wake ndio unaoiweka ndege hewani. Mwingine amenisifia umbali: hii inafika kilomita moja, ile inafika kilomita kumi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani watakaoishika rimoti yenyewe. Watakaoishika ni vijana wa kidato cha pili na cha tatu ambao hawajawahi kurusha chochote, na mimi mwenyewe mazoezi yangu yote ni ya simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji. Naomba mnieleze ni sifa zipi hasa nizizingatie na zipi nizipuuze.

Jambo la pili ni kwamba mzee mmoja jirani wa shule, mkulima wa ngano, yuko tayari kutupa bure rimoti yake ya zamani ya megahezi 35 iliyotoka Uingereza, yenye antena ndefu ya kuvuta na risiva moja. Je, tunaweza kuitumia tukaokoa fedha, au tutakuwa tunahatarisha ndege na watu?

UpepoWaZiwa amejibu:

Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Nitaanza na hiyo rimoti ya bure, kwa sababu jibu lake linafungua njia ya kuelewa mengine.

Rimoti za megahezi 35 hutuma mawimbi kwenye masafa mamoja tu, yanayoamuliwa na fuwele ndogo inayochomekwa ndani yake, na risiva nayo huwa na fuwele inayolingana nayo. Watu wawili wakiwasha rimoti zenye fuwele za masafa mamoja katika uwanja mmoja, ndege iliyo hewani hupoteza mwongozo papo hapo. Ndiyo sababu vilabu vya wakati ule vilikuwa na ubao wa vibanio, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha rimoti kabla ya kuchukua kibanio cha masafa yake. Rimoti za siku hizi za gigahezi 2.4 haziko hivyo. Rimoti na risiva huoanishwa kwa namba ya utambulisho, kisha zote mbili huhama pamoja kutoka masafa hadi masafa mara nyingi kila sekunde, hivi kwamba watu kadhaa wanaweza kurusha bega kwa bega bila kugongana, hata kama Wi-Fi ya shule iko kwenye bendi hiyo hiyo. Kwa hivyo ipokeeni zawadi ya mzee kwa heshima, lakini msiirushie ndege. Risiva zake ni adimu, na betri zake za nikeli na kadimi kwa umri huo huwa zimekwisha nguvu. Darasani itawafaa sana: wape wanafunzi kasi ya mwanga wakokotoe robo ya urefu wa wimbi, wataona kwamba kwa megahezi 35 inazidi mita mbili ilhali kwa gigahezi 2.4 ni kama sentimita tatu, nao wataelewa wenyewe kwa nini antena ile inavutwa na hii ni fupi kuliko kidole.

Sasa rimoti mpya. Kuhusu chaneli, hesabu servo zako badala ya kumsikiliza muuzaji. Ndege ya kujifunzia inahitaji chaneli ya kasi ya mota, ya eleveta inayoinua na kushusha pua, ya usukani wa mkia, na ya aileroni za mabawani zinazoiinamisha ndege upande. Hizo ni nne. Ukitaka kila aileroni iwe na chaneli yake, ni tano. Ukiongeza vibamba vya kupunguzia mwendo wakati wa kutua, ni sita. Klabu ya shule haitapita hapo kwa muda mrefu.

Kuhusu umbali, kipimo chako ni jicho, wala si redio. Ndege yenye bawa la mita moja ikifika mita mia tatu au mia nne, rubani aliye chini hawezi tena kutambua kama inamjia au inamkimbia, na hapo ndipo inapopotea, ingawa redio bado inaisikia vizuri. Rimoti yoyote nzuri ya gigahezi 2.4 ikiwa na risiva ya umbali kamili inavuka umbali huo bila shida. Anayekuuzia kilomita kumi anakuuzia kitu ambacho hutakitumia.

Jambo ambalo mimi ningeliweka mbele ya yote ni risiva. Rimoti utainunua mara moja, risiva utainunua kwa kila ndege, na kila kampuni ina itifaki yake, yaani lugha ya mawasiliano kati ya rimoti na risiva. Rimoti ya FlySky inayotumia AFHDS 2A haiwasiliani na risiva ya Spektrum ya DSMX, wala risiva ya Futaba haimsikii FrSky. Ukishachagua rimoti umechagua ukoo mzima wa risiva utakazonunua miaka yote inayofuata. Kwa hivyo usilinganishe bei ya rimoti na rimoti. Linganisha bei ya rimoti pamoja na risiva nne.

Kwa kipimo hicho, pendekezo langu ni FlySky FS-i6 na risiva zake za FS-iA6B. Ina chaneli sita, inahifadhi mipangilio ya ndege ishirini tofauti, ina uchanganyaji wa chaneli (kijiti kimoja kusogeza servo mbili kwa pamoja) kwa ndege isiyo na mkia na kwa mkia wa umbo la V, na inatumia betri nne ndogo za AA ambazo utazipata katika duka lolote kutoka Njoro hadi Mau Narok. Risiva yake huirudishia rimoti taarifa ya volti. Wengi wetu huku magharibi tulianza nayo, maana yake ni kwamba ukikwama utapata mtu wa kukuelekeza na hata wa kukuazima risiva.

Nisisitize jambo moja la usalama. Mawimbi yakikatika, risiva inapaswa kuzima mota yenyewe, lakini mpangilio huo wa dharura ni lazima uuweke wewe na uuhakikishe. Ondoa propela kwanza, washa vyote viwili, pandisha mota kidogo, kisha zima rimoti. Mota isiposimama, ndege hiyo isirushwe.

FundiEldoret amejibu:

Ninakubaliana na ndugu wa Kisumu kuhusu chaneli, umbali na usalama, na hoja yake ya ukoo wa risiva ni sahihi kabisa. Ninatofautiana naye kwenye hitimisho, kwa sababu amejibu kana kwamba aliyeuliza ni mtu mmoja anayejinunulia rimoti yake. Huyu ni mwalimu mwenye kundi la vijana. Swali lake la msingi ni hili: mwanafunzi akiielekeza ndege ardhini, mwalimu ataichukuaje mikononi mwake ndani ya sekunde moja?

Kumnyang'anya rimoti hakufai, kwa kuwa katika kupokezana vijiti huwa vimeshasogea. Njia inayofaa ni ya rimoti mbili zilizounganishwa kwa waya, ya mkufunzi na ya mwanafunzi. Mkufunzi hushikilia swichi. Swichi ikiwa imevutwa, vijiti vya mwanafunzi ndivyo vinavyoongoza ndege, na akiiachilia, ndege inarudi kwake mara moja. FS-i6 inaweza kazi hiyo. Lakini rimoti zinazoendeshwa na programu huria ya EdgeTX, kama vile za RadioMaster na Jumper, zina uwezo zaidi: unaweza kumwachia mwanafunzi kijiti kimoja tu. Wiki ya kwanza mpe aileroni peke yake, wewe ushike kasi na eleveta. Akishaweza kuikunja ndege bila kuogopa, mwongezee eleveta. Mwisho mpe kasi ya mota, na kutua kuje baada ya hayo yote. Nimeona vijana wengi wakikata tamaa kwa sababu walipewa vyote vinne kwa mara moja, na nimeona wengine wa umri huo huo wakirusha kwa utulivu kwa kufundishwa hatua kwa hatua namna hii. Kwa mwalimu, sifa hiyo moja ina thamani kuliko chaneli kumi za ziada.

Kuna sababu nyingine. Rimoti za EdgeTX huunganishwa na kompyuta kwa waya wa kawaida wa USB, na kompyuta huitambua kama kijiti cha mchezo, kwa hivyo wanafunzi wanaweza kufanya mazoezi ya simuleta kwenye maabara ya kompyuta wakitumia rimoti ile ile watakayoishika uwanjani. FS-i6 inahitaji waya wake maalumu wa kuchomekwa kwenye tundu la nyuma. Tena kuna vumbi. Mwalimu anajua Nakuru na Njoro zilivyo kati ya Januari na Machi kabla mvua haijashuka. Vijiti vya rimoti za bei ya chini hutumia potenshiomita, ambayo ndani yake kuna kipande kinachosuguana na kingine, na vumbi likiingia servo huanza kutetemeka hata mkono ukiwa umetulia. Vijiti vyenye vihisi vya sumaku havina msuguano huo, navyo hudumu. Rimoti itakayoshikwa na mikono thelathini kila wiki inahitaji vijiti vya aina hiyo.

Kwa upande wa risiva ningechagua ExpressLRS ya gigahezi 2.4. Ni mfumo huria, kwa hivyo kampuni nyingi hutengeneza risiva zake na hufungwi na muuzaji mmoja. Ila kuna mitego miwili. Risiva nyingi za mfumo huo ni za droni na hazina pini za kuchomeka servo; nunua zenye pini, kama ER6 ya RadioMaster. Halafu toleo kuu la programu katika rimoti na katika risiva ni lazima lilingane: risiva yenye toleo la 2 haitaoana na rimoti yenye toleo la 3 mpaka mojawapo isasishwe. Kusasisha si kugumu, kwa sababu risiva isiposikia rimoti kwa muda hufungua Wi-Fi yake yenyewe na mipangilio yote hupatikana kwenye simu.

Nakiri kwamba EdgeTX ina menyu nyingi kuliko FlySky, na mtu asiyependa kusoma atachoka nayo siku ya kwanza. Mwalimu wa Fizikia hataichukia.

Nikirudi kwa rimoti ya mzee, kabla ya kuipeleka kabatini tazama nyuma yake. Nyingi za enzi hizo zina tundu la mviringo la kuunganishia mwanafunzi. Likiwapo, rimoti hiyo inaweza kuwa ya mwanafunzi bila kutuma wimbi lolote angani: toa fuwele, unganisha waya kutoka tundu hilo hadi tundu la mkufunzi la rimoti mpya, na vijiti vyake vitasomwa na EdgeTX kama mfuatano wa mapigo ya umeme. Muda kutoka mwanzo wa pigo moja hadi mwanzo wa linalofuata ni kati ya mikrosekunde 1,000 na 2,000, na 1,500 ni kijiti kikiwa katikati. Mkiwa na osiloskopu maabarani, hapo mna somo zima.

MwalimuNjoro amejibu:

Nawashukuru nyote wawili kwa majibu yenye kina. Nimekwenda kwa mzee jioni ya leo, na ni kweli nyuma ya rimoti kuna tundu la mviringo lenye pini sita ambalo yeye mwenyewe alilitumia kumfundisha mwanawe. Vijiti bado ni laini na vinarudi katikati vyenyewe. Betri imevuja, lakini tutaibadilisha.

Nina maswali matatu yaliyobaki. Rimoti hii ya zamani ina kasi ya mota kwenye kijiti cha kulia, ilhali simuleta niliyojifunzia ina kasi kushoto. Je, ni lazima zote mbili zifanane? Pili, baadhi ya wazazi wanauliza kama sheria inaruhusu. Tatu, uwanja tuliopewa umepakana na mashamba ya mahindi, nami ningependa kujua kama mimea mirefu inaathiri mawimbi.

MiwaMumias amejibu:

Mwalimu, nitajibu la kwanza na la tatu, kwa kuwa huku kwetu Mumias tunaishi katikati ya miwa na tumelazimika kujifunza.

Mpangilio ambao kasi na usukani wa mkia viko kushoto, na eleveta na aileroni ziko kulia, huitwa modi ya 2. Ule wenye kasi na aileroni kulia, na eleveta na usukani kushoto, ni modi ya 1. Hakuna iliyo bora kwa asili. Bora ni ile inayotumiwa na watu walio karibu nawe, kwa sababu wao ndio watakaokusaidia kuijaribu ndege mpya na kukuokoa ikileta matatizo. Katika eneo hili wengi ninaowafahamu hutumia modi ya 2, na wewe umekwisha kuizoea kwenye simuleta, basi shule nzima iwe ya modi ya 2. Mikono ikishakariri mpangilio mmoja, kuubadilisha ni kazi ngumu sana. Rimoti ya mzee itabidi ifunguliwe: kijiti cha kasi hakina springi ya kukirudisha katikati, badala yake kina kibati kinachokishika pale ulipokiacha, na vitu hivyo viwili vinahamishika kwa bisibisi. Usibadilishe kwenye menyu pekee ukaacha springi ilipokuwa. Kumbuka pia kwamba kampuni hazipangi chaneli kwa utaratibu mmoja. Nyingine huanza na aileroni, nyingine na kasi. Katika ukurasa wa mkufunzi wa EdgeTX utaonyesha kila kijiti cha mwanafunzi kinaongoza nini, kisha utapima katikati ya vijiti vyake ili ndege isiruke upande unapomkabidhi.

Kuhusu mimea: ndiyo, inaathiri. Majani mabichi yana maji, na mawimbi ya gigahezi 2.4 hudhoofishwa na maji kuliko yale ya megahezi 35. Ndege ikiwa juu hilo halina uzito, kwa kuwa hakuna kitu kati yako nayo. Shida huanza ikishuka nyuma ya mahindi au miti. Kwa hiyo simama mahali ambapo mnaiona njia yote ya kutua, na panga njia hiyo isipite nyuma ya mimea.

Antena nazo zina adabu yake. Antena ya fimbo haitumi mawimbi kuelekea upande wa ncha yake. Huyatuma kwa nguvu kuelekea ubavuni. Anayeielekezea ndege ncha ya antena, kama anayenyooshea kidole, anailenga kwa upande ulio dhaifu kuliko zote. Ikunje antena ya rimoti ili ubavu wake uikabili ndege. Ndani ya ndege, risiva yenye antena mbili iwekwe moja ikiwa imelala na nyingine ikiwa imesimama, pembe ya digrii 90 kati yao, mbali na betri, mota na kitu chochote cha kaboni, kwa sababu kaboni huziba mawimbi.

Tena, ndege itaangukia mahindini siku moja, kwa hivyo chagueni rimoti inayoonyesha nguvu ya mawimbi yanayorudi kutoka kwa risiva. Hapa Mumias taarifa hiyo imetuokolea ndege nyingi kuliko macho. Usizime rimoti ndege inapoanguka, na aliyeko uwanjani asiondoe jicho mahali ilipopotelea. Punguza nguvu ya rimoti hadi kiwango cha chini, ikumbatie kifuani, kisha jizungushe polepole ukisoma namba. Mwili wa mtu nao ni maji. Namba itakaposhuka kabisa, ndege iko mgongoni kwako. Geuka, tembea upande huo, rudia. Katika miwa iliyozidi kimo cha mtu hakuna njia nyingine ninayoiamini, na wenye mashamba hawafurahi kuona kundi la vijana likikanyaga mimea kwa kutafuta ovyo. Waombeni ruhusa mapema, kabla ndege haijaanguka.

UpepoWaZiwa amejibu:

Nitajibu la sheria. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo vya anga visivyo na rubani, nazo zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Usiishie kwenye maelezo ya wauzaji wala ya jukwaa hili. Iandikieni mamlaka barua ya shule mkieleza uzito wa ndege, mahali na umri wa wanafunzi, na mpate jibu la maandishi kabla ya kuagiza chochote kutoka nje, kwa sababu vyombo hivi huhitaji idhini ya kuingizwa nchini na forodha huweza kuvishikilia. Dari ni futi 400, yaani kama mita 120, na ndege ya wanafunzi haina haja ya kufika hapo. Muwe mbali na viwanja vya ndege na vya jeshi, na msirushe kuelekea Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Wazazi wakiuona waraka wa mamlaka mkononi mwa mwalimu mkuu watatulia.

Kuhusu hoja ya ndugu wa Eldoret, ninamkubalia. Kama kuna tundu la mwanafunzi kwenye rimoti ya mzee, basi fedha za rimoti ya pili zimepatikana, na hapo EdgeTX inawafaa kuliko FS-i6. Ninayo FS-i6 ambayo siitumii. Nitaituma Njoro kwa gari la abiria ili iwe akiba iwapo ile ya zamani itagoma. Nayo inaweza kuunganishwa kwa waya kama ya mwanafunzi.

Niongeze jambo ambalo halijatajwa. Njoro iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi kuliko hapa Kisumu. Ndege ile ile italazimika kwenda kwa kasi zaidi ili ibebwe, na itatua kwa kasi zaidi. Kwa mwanafunzi hiyo ni sababu ya kutumia kwa dhati zile sehemu za rimoti zinazopunguza ukali wa vijiti. Weka swichi moja ya kupunguza upana wa mwendo wa servo hadi kama asilimia 60, na uongeze ekspo ya asilimia 30 hivi kwenye aileroni na eleveta, ili kijiti kiwe mpole karibu na katikati na bado kiwe na nguvu mwishoni. Mwanafunzi aanze hapo.

MwalimuNjoro amejibu:

Nawashukuru sana, na wewe ndugu wa Kisumu kwa ukarimu wako. Tumeamua hivi: tutanunua rimoti moja ya RadioMaster yenye EdgeTX na ExpressLRS, yenye vijiti vya vihisi vya sumaku na tundu la mkufunzi, pamoja na risiva mbili zenye pini za servo. Rimoti ya mzee itakuwa ya mwanafunzi, na wanafunzi wawili wameanza kuchora waya wa kuunganisha. Shule nzima itakuwa ya modi ya 2. Barua ya KCAA imeandikwa na inasubiri sahihi ya mwalimu mkuu. Hatutaagiza kabla ya jibu. Kama kuna jambo la kufanya uwanjani kabla ya kurusha kwa mara ya kwanza, naomba mnieleze sasa.

FundiEldoret amejibu:

Uamuzi mzuri, Mwalimu. Betri za rimoti zinunue huku huku nchini, kwa sababu betri za lithiamu zina masharti makali ya kusafirishwa kwa ndege, na nyingi ya rimoti hizo huuzwa bila betri. Ikiwa inatumia seli za lithiamu za ukubwa wa 18650, nunua mbili mpya za aina moja kwa muuzaji unayemwamini. Usichukue zilizotolewa kwenye betri kuukuu za laptopu, hata ukipewa bure.

Uwanjani fanya jaribio la umbali. Shusha nguvu ya rimoti hadi kiwango cha chini kabisa, mwanafunzi mmoja aishike ndege kwa uthabiti nyuma ya bawa, nawe utembee hatua thelathini ukisogeza vijiti. Servo zifuate bila kusita. Kisha rudieni mota ikiwa inazunguka, kwa sababu mota na kidhibiti kasi chake huweza kuleta kelele kwenye risiva ambayo haikuwapo mota ilipokuwa kimya; hapo asimame mtu mzima, na hakuna mtu yeyote awe mbele ya propela wala ubavuni mwake. Mkimaliza rudisheni nguvu hadi miliwati 100. Watu husahau hilo la mwisho, kwa hivyo mkabidhi mwanafunzi mmoja orodha ya ukaguzi aisome kwa sauti kabla ya kila mruko: nguvu ya rimoti, jina la ndege kwenye skrini, mwelekeo wa aileroni, kijiti cha kasi chini, swichi ya mkufunzi mkononi mwako. Rimoti huwashwa kabla ya ndege, na ndege huzimwa kabla ya rimoti.

Rusheni asubuhi, kabla ya saa nne, upepo ukiwa bado haujaamka. Mkiwa tayari niandikieni, nitashuka kutoka Eldoret na ndege ya kujifunzia iliyokwisha kurekebishwa, ili wanafunzi waanze na inayoruka vizuri kabla ya kuzijaribu zao.